IMEISHA KWA KIASI GANI?

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Huenda umelifungua jarida hili ukitarajia insha ya nidhamu, au shairi la wenzangu wa Kidato cha Pili ambao mwaka huu wametuaibisha sisi wakubwa wao. Niwie radhi. Mimi nimekuja na mikono yenye oili, na ninalo neno moja tu ninalotaka kulishtaki mbele yako. Neno lenyewe ni "imeisha".

Ukitaka kulisikia, pita saa kumi na nusu jioni kwenye vibanda vya jua kali, pale tunapopitia sisi wanafunzi wa kutwa tukirudi nyumbani. Utakuta pikipiki imefunguliwa tumbo, mwenyewe amesimama kando na helmeti mkononi, naye fundi anainua kipande kimoja kimoja juani kama daktari anayetazama picha ya eksrei. "Ringi zimeisha. Pistoni imeisha. Hii pini nayo imeungua, imeisha." Mwenye pikipiki anatikisa kichwa, anauliza bei. Sijamsikia hata mmoja akiuliza: imeisha kwa kiasi gani?

Maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi baadhi ya mafundi ambao ni majirani zetu. Kipande cha injini hakiwi kibovu kwa sababu ni cheusi, wala kwa sababu ni cha zamani, wala kwa sababu kuna kingine kipya kinang'aa dukani. Huwa kibovu kikishalika kupita kiasi fulani, na kiasi hicho hupimwa, hakikisiwi. Injini ikiwa kuukuu ndipo jambo hili linapozidi uzito, kwa maana kipande cha asili ukishakitupa huenda usikione tena maishani mwako. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, ingawa nitaonyesha mbele kwamba kuna mbachao mwingine wa kuuacha mara moja.

Sikuyatoa haya vitabuni. Babu yangu mzaa baba aliacha pikipiki aina ya Honda CG125. Kampuni ya Honda ilianza kuiuza aina hii mwaka 1976, ikiwa imewafikiria watu wa nchi kama zetu, wanaopakia magunia mawili na kusahau kubadilisha oili. Ukiifungua utaona walivyofikiri. Hakuna cheni ya kuzungusha kemu, maana cheni huvutika. Kemu inazungushwa kwa gia, tena ina pua moja tu inayotosha kufungua valvu zote mbili kwa kupitia pushirodi. Silinda ni ya chuma, kipenyo chake milimita 56.5. Injini nyingi za bodaboda zinazotoka Uchina siku hizi ni wajukuu wa injini hii. Ndiyo sababu spea zinazokaribiana nazo zimejaa madukani, na ndiyo sababu watu hawaoni haja ya kupima. Ya nini kupima, ilhali mpya ipo?

Pikipiki ya babu ilisimama katika stoo ya mahindi tangu mwaka 2009. Kuku walitaga juu ya kiti chake. Kaka yangu alipomaliza Kidato cha Nne na kukosa karo ya chuo, alianza kupeleka maziwa ya majirani kwenye kituo cha kukusanyia, kwa baiskeli, kilomita 9 kila asubuhi, na zile za kurudi ndizo za mlima. Mama akachukua mkopo wa shilingi 18,000 katika chama chao cha akina mama ili pikipiki ifufuliwe. Hiyo si pesa ya mchezo nyumbani kwetu. Kila Alhamisi lazima arejeshe kidogo, mvua inyeshe isinyeshe.

Fundi wa kwanza aliifungua injini, akasema pistoni na ringi zimeisha, akauza mpya na kuzifunga siku hiyo hiyo. Pamoja na kazi, shilingi 4,500. Nilikuwepo. Silinda aliifuta kwa kitambaa, akaitazama, akairudisha. Basi. Baada ya majuma matatu pikipiki ilikuwa ikitoa moshi wa buluu mpaka watoto wakaipa jina la gari la kunyunyizia mbu. Tuliporudi kwake, sasa kila kitu kilikuwa kimeisha. "Tupeni hiyo mashini ya mzee, mtafute injini nzima nyingine."

Hapo ndipo nilipoingia mimi, mtoto wa Fizikia.

Si mnajua kwamba katika Kidato cha Pili tulifundishwa vania na mikromita? Tulipima misumari, vijiti na shilingi moja moja, tukaandika majibu, vifaa vikarudi kabatini kungoja watu wa mtihani. Nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia nikamweleza shida yangu. Alinitazama, akacheka, kisha akasema nilete vipande vikiwa vimeoshwa, na nisithubutu kuweka silinda juu ya daftari la mtu. Nikaviosha kwa mafuta ya taa, nikavikausha, nikavibeba ndani ya kiroba.

Jambo la kwanza nililogundua liliniaibisha. Vania ya shule husoma hadi sentimita 0.01, yaani milimita 0.1. Silinda ndogo kama yetu ikilika kwa takriban milimita 0.1, imefika mwisho wake. Kwa hiyo tofauti yote kati ya silinda nzima na silinda mbovu ingeweza kujificha katika kijistari kimoja cha vania! Mikromita nayo ni hodari zaidi, inasoma milimita 0.01, lakini mdomo wake unafunguka milimita 25 tu. Pistoni ya milimita 56 utaiingiza wapi? Nilikaa pale nikiona jinsi elimu yangu ilivyokuwa na mlango mdogo.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mstaafu anayetengeneza mashine za kusaga. Aliniambia: "Kijana, acha kupima silinda. Pima ringi ndani ya silinda." Nikamsikiliza, na hebu nawe unisikilize polepole, maana hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Ringi ni duara lenye mwanya. Ukiichukua ringi moja na kuiingiza chini kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi hazifiki injini ikizunguka, utakuwa umeiweka mahali ambapo chuma hakijasuguliwa. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, isiinamie upande. Kisha pima mwanya wake kwa fila geji, kile kifaa chenye vibati vyembamba ambacho hata mafundi wetu wanacho kwa kurekebishia valvu. Halafu ipandishe ringi ile ile hadi juu, kama nusu inchi chini ya mdomo wa silinda, mahali ambapo moto ni mkali, oili ni haba na ringi hugeuza mwendo. Hapo ndipo silinda hulika zaidi. Ukipitisha ukucha utasikia kingo ndogo. Pima mwanya tena. Silinda ikiwa imepanuka, mwanya utakuwa umepanuka pia. Na kwa kuwa mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, chukua tofauti ya mianya hiyo miwili ugawanye kwa 3.14. Jibu ndilo ongezeko la kipenyo. Hata ringi kuukuu inafaa, mradi iwe ile ile, maana tunachotafuta ni tofauti.

Chini nilipata milimita 0.30. Juu nikaunganisha kibati cha 0.40 na cha 0.25 ndipo mwanya ukajaa: 0.65. Tofauti 0.35, gawanya kwa 3.14, nikapata 0.11. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini kwamba hesabu ya mzingo, ile tuliyokuwa tukilia nayo shule ya msingi, inaweza kuniambia siri ya chuma.

Kumbe ugonjwa ulikuwa silinda tangu mwanzo. Pistoni mpya ya saizi ya kawaida iliwekwa ndani ya silinda iliyokwisha kupanuka, ringi zikashindwa kupangusa oili, oili ikaungua. Shilingi 4,500 zikageuka moshi wa buluu, na kipimo cha dakika tano kingaliziokoa. Lakini pia silinda si ya kutupa! Inaboriwa hadi milimita 56.75, inatiwa pistoni iliyozidi kwa 0.25, na ikilika tena miaka ijayo kuna saizi nyingine mbele yake. Muhimu ni pistoni inunuliwe kwanza, ndipo silinda ikatwe kuifuata hiyo, kwa maana pistoni ya aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko chuma cha silinda, na nafasi iliyo kati yao si ya kubahatisha.

Vipande vidogo viliingia kwenye mikromita. Ile pini ya pistoni iliyodaiwa kuungua ilikuwa na rangi ya kahawia tu, masizi ya oili yaliyoganda. Nilipoisugua kwa petroli ikang'aa. Ingekuwa na rangi ya buluu ningenyamaza, maana buluu ni dalili kwamba chuma kilipata joto kikapoteza ugumu wake. Nikaipima pale isipoguswa na kitu, nikapata 15.00. Pale inaposhikwa na konrodi, 14.99. Huo ndio uchakavu wa miaka yote ya babu, sehemu moja ya mia ya milimita, na pini ilikuwa imehukumiwa kifo. Valvu nazo nilizipima vivyo hivyo, sehemu ya shina isiyoingia ndani ya gaidi dhidi ya sehemu inayosuguana. Hukuhitaji kitabu cha kampuni. Kipande chenyewe kinabeba shahidi wake, maana karibu kila mara kuna mahali ambapo hakijasuguliwa.

Simaanishi kwamba mikromita ni Mungu. Kuna makosa yasiyoonekana kwa kipimo. Moja ya vile vidole vinavyokaa juu ya kemu ilikuwa na saizi nzuri tu, lakini uso wake ulikuwa umechimbika vijishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ngozi ngumu ya juu ikishatoboka, kilichobaki huliwa upesi, na hula kemu pia. Hicho nilikikataa bila hesabu. Hapa jicho na ukucha vinatosha, na jicho la fundi wa miaka 20 ni bora kuliko langu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii badala ya kujisifu tu kwa mama.

Konrodi imeshikana na krenki kwa beringi ya roli upande wa chini. Kuitoa lazima upasue injini nzima katikati, upeleke krenki kwa mtu mwenye presi, aisukume pini itoke, atie konrodi na roli mpya, kisha azilinganishe zile sahani mbili zizunguke bila kuyumba. Ni kazi ya gharama. Nilipoishika mara ya kwanza na kuivuta juu na chini, haikucheza. Nilifurahi kupita kiasi. Lakini ilikuwa bado imejaa oili nzito, na oili hujaza nafasi ikaficha kosa. Baada ya kuimwagia mafuta ya taa na kuikausha, niliivuta tena. Nikasikia kitu kidogo sana. Tik. Kuyumba kwa pembeni si kitu, konrodi huachiwa nafasi ya kwenda kando. Juu na chini ndipo isipotakiwa kucheza kabisa.

Nilimwita fundi yule yule aliyekuwa amesema pini imeisha, ringi zimeisha, kila kitu kimeisha. Akaivuta, akaisikia ile tik. "Kijana, hiyo ni kawaida. Ukitia oili mpya itatulia."

Niliduwaa. Mtu aliyeua pini iliyolika sehemu moja ya mia sasa alikuwa akiiombea msamaha konrodi inayogonga. Nikaanza kufikiri kuhusu vibanda vyote ninavyopita, na nikaona mpango ambao sikuwahi kuuona. Kinachouzwa dukani hapo kando na kufungwa kwa dakika 10, hicho huwa kimeisha. Kinachodai injini ipasuliwe na mteja angoje juma zima, hicho huwa "bado kiko sawa". Yaani hukumu haifuati uchakavu, inafuata urahisi.

Lakini nisimtupie fundi peke yake. Usiku ule nami nilitaka iwe kawaida. Mkopo wa mama ulikuwa umeliwa karibu robo. Kaka alikuwa amechoka, akaniambia nataka tu kumchelewesha, ati nimefanya injini ya babu maabara yangu. Nilirudi nikaivuta konrodi mara nyingi gizani kwa tochi ya simu, na nikijidanganya kidogo niliweza kuisikia imenyamaza. Ukitaka kipande kiwe kizima, mkono wako utakisaidia kusema uongo.

Mama ndiye aliyenipiga kwa fimbo yangu mwenyewe. Aliniuliza, "Unasema imeisha. Imeisha kwa kiasi gani?" Sikuwa na namba. Vifaa vyangu havikuweza kupima ile tik. Nikamweleza kwamba hapa kiasi kinachoruhusiwa kusikika kwa mkono ni sufuri, nasi tumekipita. Nikamweleza na jambo ambalo sikutaka kulisema mbele ya kaka: beringi ya chini ikivunjika, konrodi inaweza kutoboa injini au kuikaza ghafla, gurudumu la nyuma likasimama hali pikipiki iko mwendo mkali. Na kaka hushuka ule mlima na mitungi ya maziwa pande zote mbili. Mama hakuuliza tena. Aliingia ndani akatoa pesa.

Nikiwatetea mafundi wetu, na lazima niwatetee kwa sababu wawili kati yao ni baba za wanafunzi wa shule hii: fundi wa jua kali hulipwa kwa kufunga, halipwi kwa kupima. Mteja akiambiwa "leo nimepima tu, nipe shilingi 300", atatukana. Anataka pikipiki itembee jioni hiyo. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 wateja wamekuwa wengi mno, na foleni haiungojei uangalifu. Fundi hujifunza kutoka kwa fundi, kwa sikio na kidole, na wachache sana wameshika mikromita. Sisi tunaoishika tunapimia misumari.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na wasomaji walio na uwezo wayafikirie. Vifaa vya maabara vitolewe kabatini hata Jumamosi moja kwa mwezi, mafundi wa hapa karibu waalikwe walete vipande vyao, na sisi tupime mbele yao. Watatufundisha kusikia beringi, nasi tutawasomea mikromita. Na wewe mwenye pikipiki, au ambaye baba yako anayo, lipia kipimo. Hata spea mpya lipia ipimwe: ringi iliyotoka kwenye pakiti iwekwe ndani ya silinda kabla ya kufungwa. Nimeona ringi mpya ambayo ncha zake ziligusana kabisa. Ikipata joto, ncha hizo zitasukumana hadi ivunjike, na hapo tutasema tena injini ya zamani ilikuwa mbovu.

Hadi ninapoandika haya, krenki iko mjini kwa mwenye presi tangu Jumatatu. Silinda imesharudi, imeboriwa, nimeizungushia gazeti lenye oili na kuiweka chini ya kitanda changu. Kati ya zile 18,000 zimebaki shilingi 2,350, na gasketi bado hatujanunua. Kaka anaendelea kupeleka maziwa kwa baiskeli. Asubuhi akinipita njiani hanisalimii, lakini juzi usiku nilimkuta stoo, amepiga magoti kando ya fremu, anaupima mwanya wa plagi kwa fila geji yangu.